Alan Page: Mwanasheria Aliyekuwa Akicheza Mpira

Dola 100. Hiyo ndiyo bei Chicago Bears waliyolipa Oktoba 1978 kumchukua Alan Page, mtu ambaye miaka saba tu nyuma alikuwa Mchezaji Bora wa ligi nzima ya NFL, ile ya mpira wa Marekani. Hapakuwa na majadiliano wala mvutano wa mawakala. Ilikuwa ada ya kawaida inayolipwa kwa mchezaji aliyetemwa msimu ukiwa umeshaanza. Minnesota Vikings, klabu aliyoitumikia tangu 1967 bila kukosa mechi hata moja ya ligi, ilimwona amekwisha. Kosa lake? Amekonda.

Habari za Page husimuliwa kwa namna ile ile siku zote: beki hatari aliyetundika daluga akawa jaji. Ni simulizi tamu, na sisi waandishi wa michezo tunaipenda kwa sababu ina mpasuko safi katikati, jezi huku, joho kule. Nadhani ina walakini. Zipange tarehe zake mezani na huo mpasuko hauuoni. Unachokiona ni mwanasheria ambaye kwa miaka 15 alikuwa akicheza mpira, na klabu iliyochelewa kulitambua hilo, na ilipolitambua haikufurahi.

Kwa wale wasioamka saa nane na nusu za usiku kutazama Super Bowl, fainali ya ligi hiyo (siwalaumu, kunakucha Jumatatu na kazi zinasubiri), mchezo wenyewe uko hivi. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kila jaribio huanza kwa mpira kupitishwa nyuma kwa kwotabeki, ambaye ama ataurusha kwa mwenzake aliye mbali ama atampa mtu akimbie nao. Page alicheza safu ya mbele kabisa ya ulinzi, na si pembeni, bali katikati, mahali penye msongamano. Kazi yake ilikuwa kupasua ukuta wa majitu na kumwangusha kwotabeki kabla mpira haujamtoka mkononi, au kumziba yule anayekimbia.

Miaka ile, mtu wa katikati alitakiwa awe gunia la mchanga. Akae, asisukumike, mabeki wa nyuma yake wamalizie. Page hakuwa gunia. Alikuwa na kilo 111 hivi, kiasi cha kawaida tu kwa nafasi ile hata enzi hizo, lakini hatua yake ya kwanza ilikuwa ya ajabu. Tazama picha za zamani zenye mikwaruzo: mpira unatikisika, na kabla mlinzi wa kwotabeki hajainua mkono wa kujikinga, Page tayari yuko begani kwake, anapita. Haonekani kama anayezuia shambulizi. Unaweza kudhani yeye ndiye anayeshambulia na wale wenye mpira ndio wanaojitetea.

Pamoja na Carl Eller, Jim Marshall na Gary Larsen aliunda safu ya watu wanne ambayo mashabiki, kwa rangi ya jezi zao, waliibandika jina la wala-watu wa zambarau. Mwaka 1969 Vikings waliruhusu pointi 133 tu katika mechi 14, yaani chini ya 10 kwa mechi, katika mchezo ambao bao moja la kawaida na nyongeza yake ni pointi saba. Walichezea Metropolitan Stadium pale Bloomington, uwanja usio na paa, na kocha Bud Grant hakuruhusu mashine za kupasha joto kando ya uwanja. Wageni walikuja wakakuta theluji, ukimya wa Grant na wale wanne.

Kilele chake kilikuwa 1971. Desemba mwaka huo, dhidi ya Detroit Lions, waamuzi walimpa adhabu ambazo aliona hazikuwa haki, na kwa muda uliofuata hapakuwa na mtu wa Detroit aliyeweza kumzuia. Msimu ulipoisha, shirika la habari la Associated Press lilimtangaza Mchezaji Bora wa NFL. Hakuna mlinzi aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Baada yake ameipata mlinzi mmoja tu, Lawrence Taylor wa New York Giants, mwaka 1986. Wapenzi wa soka wanajua ugonjwa huu: tangu Lev Yashin achukue Ballon d'Or mwaka 1963 hakuna kipa mwingine aliyeigusa. Kura huenda kwa anayefanya kitu kitokee. Kumpa tuzo mtu ambaye kazi yake ni kufanya kitu kisitokee kunahitaji wapiga kura watazame mechi kwa macho mengine, na 1971 ilikuwa moja ya mara chache sana walipofanya hivyo.

Sasa tuseme na upande wa pili, maana makala za kumsifu Page huupita upesi. Safu ile iliyotisha ilifika Super Bowl nne na kupoteza zote: kwa Kansas City Chiefs 23–7 Januari 1970, kwa Miami Dolphins 24–7 Januari 1974, kwa Pittsburgh Steelers 16–6 mwaka mmoja baadaye, na kwa Oakland Raiders 32–14 Januari 1977. Si bahati mbaya tu. Larry Csonka wa Miami alikimbia yadi 145 dhidi yao, na Franco Harris wa Pittsburgh akakimbia 158. Wapinzani walijua kwamba ukijaribu kurusha mpira, wale wanne watakufikia. Kwa hiyo hawakurusha. Waliwaendea uso kwa uso, wakiwatumia watu wazito, na kasi ya Page ikawa inampitisha nje ya njia ya mkimbiaji. Udhaifu wa mlinzi mwepesi ulikuwa halisi. Bud Grant hakuwa mjinga, naye yumo katika jumba la magwiji wa mchezo huo, na alipoanza kumtazama Page akipungua alikuwa na kumbukumbu hizo kichwani.

Lakini kwa nini alikuwa anapungua? Hapo ndipo hadithi inapokolea.

Mke wake Diane alikuwa anataka kuacha sigara, akaanza kukimbia ili imsaidie. Page akamsindikiza. Diane akaacha sigara, Page akanasa kwenye mbio. Akawa anakimbia masafa ambayo hakuna mtu wa nafasi yake aliyekuwa na wazo nayo, na uzito ukashuka hadi karibu kilo 100. Klabu ilimtaka mzito. Yeye akaona mwili ni wake, na kwamba anajisikia mwenye nguvu kuliko mwanzo.

Na hilo la mwili kuwa wake halikuanza kwenye mbio. Page alikuwa mwakilishi wa wenzake katika chama cha wachezaji, akaingia pia kamati ya utendaji ya chama. Mwaka 1974 wachezaji waligoma wakati wa kambi za maandalizi chini ya kauli ya kudai kwamba bila uhuru hakuna mpira. Uhuru waliouzungumzia ulikuwa kitu mahsusi. Mkataba wako ukiisha ulikuwa bado hutoki kirahisi, kwa sababu klabu itakayokusajili ililazimika kuifidia klabu yako ya zamani kwa kiwango atakachoamua kamishna wa ligi, Pete Rozelle. Nani angekusajili bila kujua bei? Mgomo ulivunjika bila mafanikio, wachezaji wakarudi kambini vichwa chini. Kilichoshindikana kambini kilikwenda mahakamani, katika kesi iliyobeba jina la mchezaji John Mackey. Ilisikilizwa Minneapolis, na mahakama ya shirikisho ikaona utaratibu huo unavunja sheria za ushindani. Rufaa ya 1976 ilirekebisha baadhi ya hoja lakini haikuuokoa utaratibu wenyewe.

Tazama tarehe tena. Kesi ya kazi yake inasikilizwa Minneapolis mwaka 1975, na mwaka huo huo Page anaingia kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Minnesota, mji ule ule. Sisemi kimoja kilisababisha kingine. Ndoto ya sheria ilikuwa ya zamani. Alizaliwa Canton, Ohio, Agosti 1945, mji wa viwanda vya chuma, na amesimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto alijua jambo moja: hataki kuishia kiwandani. Mwanasheria kwake alikuwa yule wa kwenye televisheni anayeshinda kila kesi. Alikuwa hajatimiza miaka tisa Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha utengano wa rangi katika shule za umma mwaka 1954, na hukumu hiyo ilimwonyesha kwamba mahakama inaweza kuigusa shule ya mtoto kama yeye. Katika Chuo Kikuu cha Notre Dame alichukua shahada ya sayansi ya siasa, akaimaliza mwaka 1967, baada ya kushinda ubingwa wa taifa wa vyuo 1966. Mwanzoni mwa maisha yake na Vikings alijaribu kusoma sheria, akaacha baada ya wiki chache. Hakuwa tayari, wala hakuficha.

Mara ya pili alimaliza. Shahada ya sheria aliipata 1978. Turudie polepole: alipata shahada mwaka 1978, na Vikings walimtema mwaka 1978. Mwaka uliofuata, akiwa mchezaji wa Bears, alianza kazi katika kampuni ya mawakili Minneapolis. Na mwaka huo huo wa 1979 alikimbia marathoni ya Grandma's kule Duluth, akawa mchezaji wa kwanza wa NFL kumaliza marathoni akiwa bado yuko kazini. Mtu aliyeonekana hana mwili wa kucheza alikuwa anafanya kazi mbili na kukimbia kilomita 42.

Na uwanjani je? Hapa inabidi tupige hesabu. Idadi ya kuangusha kwotabeki haikuwa takwimu rasmi ya ligi hadi 1982, mwaka mmoja baada ya yeye kustaafu, lakini waliopitia rekodi baadaye wanamhesabia 148 na nusu (nusu hutokana na kugawana na mwenzako). Kwa Vikings ni 108 na nusu katika mechi 160. Kwa Bears ni 40 katika mechi 58. Gawanya mwenyewe: 0.68 kwa mechi Minnesota, 0.69 Chicago. Yule aliyetemwa kwa dola 100 kwa kuwa amekwisha aliendelea na kasi ile ile hadi umri wa miaka 36. Huenda kwenye kuzuia wakimbiaji alikuwa amepungua, siwezi kubisha, na Grant alikuwa na hoja yake. Ila anayesema Page hakuwa na kitu tena Oktoba 1978 hana takwimu upande wake.

Na kuna jambo dogo watu hulisahau. Kocha mkuu wa Bears alikuwa Neill Armstrong, na mkuu wa ulinzi wake alikuwa Buddy Ryan. Wote wawili walikuwa wametoka Vikings, mmoja alikuwa ameongoza ulinzi, mwingine alikuwa amefundisha safu ya mbele. Yaani watu waliomfahamu kwa karibu kuliko wote, waliomwona mazoezini kila siku, ndio waliotoa ile dola 100. Kwenye soko la wachezaji sijui kama kuna ushahidi mzuri kuliko huo.

Kwa hiyo mgogoro wa 1978 haukuwa wa kilo. Kilo zilikuwa lugha yake. Klabu ilikuwa na mchezaji aliyepanga muda wake mwenyewe, aliyewasemea wenzake mbele ya mabosi, aliyetoka mazoezini akaenda darasani, na aliyeamua mwili wake uwe wa namna gani. Kila moja kati ya hayo peke yake lingevumilika. Yote kwa pamoja yalimaanisha kwamba mpira kwake ulikuwa kazi, kazi aliyoifanya kwa ustadi usio na mfano, lakini kazi. Klabu hupenda kusikia kwamba ni maisha.

Napenda niweke breki hapa, kwa sababu najua mfano wa Page unatumika vipi. Kila mara mchezaji wa zamani anapofilisika au kuhangaika, mtu hutoa jina la Page kama fimbo: mbona yule alisoma? Fimbo hiyo si ya haki. Alimaliza shahada ya kwanza kabla ya kusajiliwa. Alicheza wakati ambapo msimu ulikuwa wa mechi 14 na wachezaji wengi walikuwa na kazi nyingine miezi ya mapumziko, kwa hiyo kuwa na maisha mengine halikuwa jambo la kushangaza. Kitivo cha sheria kilikuwa mji anaochezea. Hakukosa mechi hata moja kwa majeraha katika mechi 218 mfululizo, kitu ambacho ni nidhamu, ndiyo, lakini pia ni bahati ya mfupa na goti. Na pamoja na bahati yote hiyo hakutoka salama kabisa. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilitenguka mara kwa mara hadi kikabaki kimepinda pembeni kama tawi. Watoto wa shule wakikutana naye hawaulizi habari za Super Bowl, wanauliza habari za kidole, hata yeye na binti yake Kamie, ambaye ni mwalimu, wakakiandikia kitabu cha watoto.

Maisha yake ya sheria nitayapitia haraka hadi mahali pamoja. Kutoka kwenye kampuni ya mawakili alihamia ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Minnesota mwaka 1985. Alipotaka kugombea Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa kuwa majaji wa Minnesota hupigiwa kura, mwaka 1992 alikuta mlango umefungwa: Gavana Arne Carlson alikuwa amerefusha muda wa jaji mmoja, hivyo kiti kile kisiwe na uchaguzi mwaka huo. Page akamshtaki gavana. Kesi ilipaswa kuamuliwa na mahakama ile ile aliyotaka kuingia, kwa hiyo likaundwa jopo la majaji wa muda. Akashinda. Uchaguzi ukafanyika, akashinda tena, na Januari 1993 akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kukaa katika mahakama hiyo. Ukiniuliza ni tukio lipi la maisha yake linafanana zaidi na uchezaji wake, ni hilo: hakungoja mlango ufunguliwe, alisoma utaratibu, akatangulia hatua ya kwanza.

Alichaguliwa tena 1998, 2004 na 2010. Mara nyingi aliandika maoni ya wachache, hasa katika kesi zilizogusa namna watu weusi wanavyotendewa na polisi na mahakama. Mwaka 2009, kesi ya kiti cha Seneti kati ya Al Franken na Norm Coleman ilipofika mahakamani, jaji mkuu alijitoa kwa kuwa alikuwa kwenye bodi ya kuhesabu kura, na Page ndiye aliyeongoza kikao. Tofauti ya mwisho ilikuwa kura 312, na Franken akathibitishwa kwa kauli moja ya majaji waliosikiliza. Nusu ya nchi ilikuwa imekasirika, lakini sikumbuki mtu mzito aliyesema jaji yule alipendelea upande. Alistaafu 2015 kwa sababu sheria ya Minnesota humtoa jaji afikapo miaka 70.

Jumba la magwiji wa mpira wa Marekani liko Canton, alikozaliwa. Akiwa kijana alifanya kibarua katika ujenzi wake. Alipoingizwa humo mwaka 1988, wengine huja na kocha au mchezaji mwenza kuwatambulisha. Yeye alikuja na Willarene Beasley, mkuu wa shule ya sekondari ya Minneapolis, na hotuba yake ikawa ya elimu. Mwaka huo yeye na Diane walianzisha mfuko wa elimu unaowapa wanafunzi wa jamii za wachache wa Minnesota fedha za chuo, kwa sharti moja: anayepokea lazima awe mlezi wa watoto wadogo shuleni. Maelfu wamepita humo. Na Minnesota ya leo, yenye Wasomali wengi, Wakenya na Kiswahili cha kutosha kukisikia dukani, si ile aliyoikuta 1967.

Mwaka 2017 shule moja ya Minneapolis iliyokuwa na jina la Alexander Ramsey ilipewa jina lake. Ramsey ndiye gavana aliyetangaza mwaka 1862 kwamba watu wa kabila la Dakota lazima waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Wanafunzi wenyewe ndio walioshinikiza mabadiliko. Nishani ya Uhuru ya Rais aliipata Novemba 2018, wiki chache tu baada ya Diane kufariki.

Mbio hakuziacha. Nyumba yake iko kwenye njia ya marathoni ya Twin Cities, yaani miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, karibu na ziwa la Isles, na kwa miaka mingi siku ya mashindano ametoka barabarani na tuba kubwa ya shaba, ile inayomzunguka mtu mwilini, akiwapulizia wakimbiaji. Mwaka 2016 wa kwanza kupita njia hiyo hadi utepe, kwa rekodi ya saa 2, dakika 8 na sekunde 51, alikuwa Mkenya Dominic Ondoro, ambaye pia miaka miwili kabla alikuwa amevunja rekodi ya Grandma's kule Duluth. Ondoro alikuwa na mwendo wa watu wasiogeuka kutazama bendi. Waliokuwa nyuma, wale wa saa nne na saa tano, ndio wanaosimama kupiga picha na mzee wa tuba.